Kuandika kwa kipande: kontra mbele, kazi nyuma

Mu ukurasa hii tumezoea kusema juu ya mishahara, ajali na sous-traitance. Leo tunasema juu ya kazi ingine, yenye watoto wetu wenye kumaliza masomo wameanza kuuliza: kuandikia gazeti kwa kipande. Mutu haingie mu gazeti kama mufanyakazi wa kila mwezi. Anaandika habari moja, analipwa ile moja, kisha anatafuta ingine. Kwa Kifaransa wanamuita pigiste.

Tunakamata mufano ya magazeti ya watu ya restora. Pale mambo inaonekana wazi, na yenye inapata mwandishi wa kipande ni ndugu ya yenye inapata journalier ku mulango ya sosiete.

Gazeti ya wenye kupika, haiko ya wenye kula

Mutu akisikia gazeti ya restora, anazania ni ya kuonyesha watu fasi ya kula vizuri. Hapana. Ni gazeti ya ufundi. Wenye kuisoma ni wenye restora, wapishi wakubwa na wenye kuuzisha mafuru na mafrigo. Mu Uingereza The Caterer ilianza mwaka 1878. Mu Ufaransa kuko L'Hôtellerie Restauration, ilianza 1923. Mu Marekani kuko Nation's Restaurant News, tangu 1967.

Mule haiandikwe kama samaki ilikuwa tamu. Inaandikwa: bei ya nyama imepanda, mwenye restora afanye nini? Mafuta ya kukaranga inaweza kutumika siku ngapi bila kuharibu chakula? Juu ya nini wafanyakazi wa jikoni wanaacha kazi kila mara?

Habari kama ile iko na faida. Tukamate hesabu yenye magazeti ile inarudilia sana: vyakula vyenye kuingia mu sahani vikule karibu asilimia 30 ya bei ya kuuzisha. Mama mwenye kuwa na malewa ku njia ya mugodi, kama unga, samaki, sombe na mafuta ya sahani moja inamukulia 1.500 franka, aigawanye na 0,30: bei inatoka 5.000 franka. Yenye kubakia ni ya makala, maji, kodi, mutoto mwenye kusaidia, na faida yake mwenyewe. Mama akiuzisha 2.500, anatumika tangu asubui mpaka usiku na mwisho wa mwezi anauliza feza ilienda wapi. Mwandishi mwenye kufasiria hesabu ile muzuri, kisha kuuliza wapishi wenyewe, amefanya kazi ya kweli. Kazi ya kweli inaomba malipo ya kweli.

Saa zenye hakuna mwenye kuhesabu

Kazi inaenda hivi. Mwandishi anatumia mukubwa wa gazeti barua fupi: habari ni gani, itasaidia nani, ataongea na nani. Mukubwa akikubali, anapana urefu, siku ya kuleta na bei. Mu Ufaransa wanahesabu kwa feuillet, ni kusema alama 1.500 pamoja na nafasi katikati ya maneno. Mu Marekani wanahesabu mara mingi kwa neno.

Lakini kupiga simu, kwenda ku restora, kungojea patron atoke jikoni, kurudilia maandiko mara mbili, ile yote haiko mu hesabu ya maneno. Muchimbaji mwenye kulipwa kwa mufuko anajua jambo hii: saa zenye alitoboa udongo ya bule, hakuna mwenye kuzilipa.

Kuko tena mutego mu siku ya malipo. Gazeti ingine inalipa wakati imekubali habari. Ingine inalipa paka wakati imetoka. Kama habari ikilala mu meza miezi sita, mwandishi naye anangojea miezi sita. Na kama gazeti ikiitupa? Kontra ya muzuri inasema mbele sehemu gani ya bei italipwa hata vile. Pasipo kontra, mwandishi anarudia mikono mitupu.

Wafaransa walitia mambo mu sheria

Tarehe 4 mwezi wa 7 mwaka 1974, Ufaransa ilipitisha sheria yenye wanaita loi Cressard, jina ya deputé mwenye kuileta. Inasema hivi: gazeti ikilipa mwandishi wa habari wa kazi, hata kwa kipande, mapatano yao inahesabiwa kuwa kontra ya kazi. Haizuru namna ya kulipa, haizuru bei. Patron akisema haiko vile, ni yeye mwenye kuleta ushuhuda.

Juu ya ile, pigiste kule anaweza kudai feza ya konje, mwezi wa kumi na tatu na kodi ya uzee. Ni kweli, sheria inalinda mwenye uandishi ni kazi yake ya kila mara na yenye kumukulisha zaidi. Na wapatron wengine wanaikimbia: wanaambia mwandishi alete fakture kama vile yeye ni sosiete. Ndugu wa sous-traitance, ile lugha munaijua.

Wamarekani walienda mu tribinali

Mu Marekani mwandishi wa kipande haiko mufanyakazi mbele ya sheria. Waandishi waliunda sendika yao, National Writers Union, mwaka 1981, na kwa miaka mingi ilikuwa ndani ya UAW, sendika ya watu ya viwanda vya magari. Mwenye kalamu na mwenye nyundo walikaa nyumba moja.

Mwaka 1993 waandishi sita walishitaki magazeti makubwa yenye kutia habari zao mu ordinatere za kuuzisha, bila kuwaongezea hata senti. Tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2001, Tribinali Kubwa ya Marekani iliwapa haki: wazuzi saba kwa wawili. Magazeti nayo haikulala. Leo mingi inatia mu kontra mustari moja yenye kusema haki yote ni ya gazeti. Mwenye kutia sinyatire bila kusoma, amekwisha kuuzisha.

Mu muji ya New York, tangu mwezi wa 5 mwaka 2017, mwenye kupana kazi ya kipande ya dolari 800 ao zaidi analazimishwa kuandika kontra. Kama kontra haionyeshe siku ya malipo, alipe mbele siku 30 zipite kisha kazi kuisha. Akikatala, mwandishi anaweza kudai mara mbili. Mwaka 2024 sheria ya namna ile ilipanuka mu jimbo yote ya New York.

Anvelope ya patron

Kuko jambo moja yenye sheria haitoshe. Magazeti ya ufundi inaishi sana na matangazo ya wenye kuuzisha vyombo. Mwandishi mwenye kulipwa kidogo anaonyeshwa anvelope: andika kama furu yetu ni ya kwanza. Kwetu ile iko na jina, coupage. Hatusemi waandishi ni watu wabaya. Tunasema mwandishi mwenye gazeti inakatala kulipa, mutu mwingine atamulipa, na ule mutu njo atachagua maneno. Wapishi wenye kuungua mikono hawatasikilika mule, sawa vile muchimbaji hasikilike mu habari yenye sosiete imelipa.

Kwetu sasa

Kodi ya kazi ya Kongo, sheria 015/2002, artikle 40, inasema: journalier mwenye kufikisha siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, akikamatwa tena mbele ya miezi ile kuisha, kontra yake inahesabiwa kuwa ya wakati usio na mwisho. Haki iko. Wengi hawaidai juu hawakuhesabu siku zao. Andika kila siku yako mu kaye, tarehe na jina ya shefu.

Na kijana wetu mwenye kutaka kuandikia gazeti, ya restora ao ya mine, ya hapa ao ya mbali, aulize mbele ya kuanza: bei ni ngapi? Nalipwa siku gani? Nani analipa njia na simu? Mukitupa habari yangu, napata nini? Haki ya maandiko inabakia kwa nani? Majibu ikuye mu maandiko, hata message moja ya telefone, na asiifute.

Wazazi, mutoto akiwaambia amepata kazi ya kuandika, musiulize paka bei. Mwambieni awaonyeshe maandiko ile. Kama hakuna, delege wetu yuko, mulete mutoto tusome naye.