Afya ya Mto Zigi Imo Chini ya Mawe

Maji ya bomba ya jiji la Tanga huanzia milimani. Mto Zigi unachipuka kwenye misitu ya Amani, Usambara Mashariki, unateremkia mabonde ya Muheza ukipokea maji ya Kihuhwi na vijito vingine, unaingia bwawa la Mabayani lililojengwa mwaka 1978, kisha unamwagika Bahari ya Hindi. Ni mto mfupi, wa takriban kilomita 100, na sehemu zake za juu zina miteremko mikali. Tope likishaingia mtoni huko, lina nafasi ndogo ya kutuama kabla ya kufika bwawani.

Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Msituni, maji hayo hunywea kwenye mboji na kuchuruzika polepole kupitia chemchemi, hata masika yakishapita. Pakifyekwa, hukimbia juu ya ardhi na kuzoa udongo. Jicho hudanganyika kirahisi: shamba la iliki chini ya miti mirefu huonekana kwa mbali kama msitu mzima, kumbe vichaka vya chini vimeondolewa na matone mazito yanaanguka juu ya udongo mtupu. Uchimbaji wa dhahabu ulioibuka Sakale mwanzoni mwa miaka ya 2000 nao uliongeza tope.

Maji yakishatakata baada ya mvua, tope hubaki chini likiziba nafasi kati ya mawe. Humo ndimo wanamoishi wadudu wachanga. Geuza jiwe mahali maji yanapokwenda kasi. Ukikuta wadudu bapa wenye mikia mitatu, matamvua yao yakipepea ubavuni, mto una hewa ya kutosha. Wakitoweka, na badala yake wakajaa minyoo na funza wekundu, hali ni mbaya; wekundu wa funza hao unatokana na hemoglobini inayowawezesha kuishi penye oksijeni haba. Tanzania ina mfumo wake wa kupima mito kwa njia hii, TARISS, ambao hutoa alama kwa kila kundi la viumbe kulingana na uwezo wake wa kuvumilia uchafuzi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini udongo mwingi huanza safari yake mbali zaidi ya hapo, ndiyo maana makinga maji na mistari ya matete vinahitajika hadi juu ya kilima.

Vijiji visivyoweza kufanya yote kwa mkupuo vianze kwa kulinganisha. Geuzeni mawe mtoni upande wa juu wa shamba, kisha upande wake wa chini, katika maji yenye kasi ileile. Wadudu wa mikia mitatu wakiwa wengi juu na haba chini, anzeni na mteremko ulio katikati.