Kitendawili cha Lubaga: mchezo wa kusaka sanduku lililofichwa

Mfanyabiashara anayevuka mipaka ya Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa muhuri ni nini. Anaujua wa Mutukula, wa Busia, wa Malaba na wa Katuna. Anajua pia kwamba muhuri ni ushahidi: unasema kuwa mtu fulani alifika mahali fulani, siku fulani. Wapo watu duniani wanaoupenda ushahidi huo kiasi cha kupanda milima na kuvuka vinamasi kuutafuta, bila mzigo wa kuuza wala deni la kudai.

Hao ni wachezaji wa mchezo wa sanduku la barua. Utaratibu wake ni mwepesi. Mtu huchukua kisanduku kisichoingiza maji, akaweka ndani daftari dogo na muhuri wa mpira, mara nyingi aliouchonga kwa mkono wake mwenyewe. Hukificha nje, chini ya jiwe au penye shina la mti, kisha huandika dokezo la namna ya kukifikia. Msakaji naye hutoka nyumbani na daftari lake, muhuri wake na sponji ya wino. Akikiona, hupiga muhuri wa sanduku kwenye daftari lake, hupiga wake kwenye daftari la sanduku, halafu hukirudisha palepale alipokikuta. Hakuna fedha anayopata. Faida yake ni alama moja ya wino na njia aliyojifunza.

Mchezo huo ulianzia Uingereza, katika nyika yenye mawe na matope ya Dartmoor. Mwaka 1854 mwongoza wageni aliyeitwa James Perrott, mkazi wa Chagford, aliweka chupa mahali pa mbali paitwapo Cranmere Pool, ili wageni waliofika huko waache kadi zenye majina yao. Baadaye watu wakaanza kuacha barua na kadi za posta. Aliyefuata alizichukua na kuzituma, na ndipo jina la sanduku la barua lilipotokea. Kwa zaidi ya miaka 100 mchezo ulibaki zaidi wa Waingereza, hadi mwaka 1998 jarida la Smithsonian la Marekani lilipouandika na Wamarekani wakaupokea.

Miaka miwili baadaye ukazaliwa mdogo wake. Mwanzoni mwa Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kupunguza makusudi usahihi wa GPS kwa watumiaji wa kiraia. Siku chache hazikupita. Tarehe 3 Mei, Dave Ulmer alificha ndoo yenye vitu vidogo vidogo, ikiwemo kopo la maharagwe, katika jimbo la Oregon, akatangaza mahali ilipo kwa namba za GPS. Huo ndio mchezo wa jiokashi, ambao sasa huchezwa kwa simu ya mkononi na umefika Afrika Mashariki pia. Tofauti kubwa ni kwamba jiokashi humwongoza mtu kwa namba, wakati sanduku la barua humwongoza kwa maneno.

Maneno hayo si mageni kwetu. Dokezo zuri la sanduku ni kitendawili. Mmoja husema "Kitendawili!", mwingine hujibu "Tega!" Katika Buganda mtegaji husema "Kkoyi kkoyi!" naye mwenzake hujibu "Lya!" Anayeshindwa kwa Kiswahili huambiwa atoe mji, naye hutoa Mombasa, Bukoba au Kigali mpaka mtegaji aridhike na kutegua. Mchezo wa sanduku huigeuza kanuni hiyo: mji hautolewi na aliyeshindwa, hupewa aliyejibu.

Na kama upo mji unaofaa kutegewa vitendawili, ni huu upande wa magharibi wa Kampala. Lubaga ni mojawapo ya tarafa tano za jiji hilo, pamoja na Kati, Kawempe, Makindye na Nakawa. Kwa wanaotoka Kagera kupitia Mutukula, au Rwanda kupitia Katuna, ndiyo mlango wa jiji: basi huingia Busega, likapita Nateete na Ndeeba kabla ya kuzama katika msongamano wa katikati. Wengi huijua Ndeeba kwa mbao zake, na Nateete kwa foleni. Vilima vilivyo juu yao huvitazama kupitia dirishani tu.

Hata jina la mahali penyewe ni dokezo. Kwenye hati nyingi za Kiingereza huandikwa Rubaga, na kwa Kiganda huandikwa Lubaga, kwa sababu kanuni ya uandishi wa Kiganda hairuhusu neno kuanza na R. Ni kilima kilekile na tarafa ileile. Mgeni asiyelijua hilo anaweza kudhani anatafuta sehemu mbili.

Sasa utegewe. "Palipokuwa pa mfalme, kengele hulia." Jibu ni kilima cha Lubaga. Kabaka Mutesa I alikuwa na kasri lake hapo katika miaka ya 1870, na leo juu yake limesimama kanisa kuu la Kikatoliki la Mtakatifu Maria, lililojengwa kuanzia 1914 na kuwekwa wakfu mwaka 1925. Ndani yake amezikwa Askofu Mkuu Joseph Kiwanuka, ambaye mwaka 1939 alikuwa Mwafrika wa kwanza wa nyakati hizi kuwekwa wakfu kuwa askofu Mkatoliki. Ukisimama hapo utaona ng'ambo kilima cha Namirembe chenye kanisa kuu la Kianglikana la Mtakatifu Paulo, na Hospitali ya Mengo iliyoanzishwa na daktari Albert Cook mwaka 1897.

"Wote huzunguka, mmoja hunyooka." Hili huwashinda wageni wengi. Jibu liko Mengo, kwenye barabara ya Kabakanjagala inayounganisha Bulange, lilipo bunge la Buganda, na kasri la Lubiri. Katikati ya barabara hiyo iliyonyooka kuna mzunguko. Magari yote huuzunguka, lakini una njia ya katikati yenye lango, na anayepita hapo ni Kabaka peke yake. Kandokando ya barabara zimesimamishwa sanamu za alama za koo za Baganda, na kila moja ingetosha kuwa dokezo la sanduku lake.

"Nyumba ya nyasi, wafalme wanne." Hapo mtu hupanda taksi, ambayo Mkenya angeiita matatu na Mtanzania daladala, akapita Nakulabye kwenda Kasubi. Wafalme hao ni Mutesa I, Mwanga II, Daudi Chwa II na Mutesa II. Makaburi ya Kasubi yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Nyumba kuu iliteketea kwa moto Machi 2010, mahali hapo pakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na mwaka 2023 pakaondolewa katika orodha hiyo baada ya kazi ndefu ya ujenzi.

Kwa mandhari na historia, basi, Lubaga haikosi kitu. Mchezo unagonga mwamba kwenye sanduku lenyewe.

Kampala ina kumbukumbu zake. Tarehe 11 Julai 2010, watu zaidi ya 70 waliuawa kwa mabomu wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Tarehe 16 Novemba 2021 milipuko ilitikisa eneo la kituo kikuu cha polisi na barabara ya Bunge. Na hapahapa Lubaga, Jumapili ya tarehe 3 Septemba 2023, polisi walisema wamezuia shambulio la bomu lililolenga kanisa la Rubaga Miracle Centre. Ndiyo maana mlinzi wa jengo la maduka hukupekua mkoba, na ndiyo maana abiria huulizana mzigo huu ni wa nani. Katika jiji la namna hiyo, mtu anayeinama nyuma ya ukuta wa kanisa na kusukuma kisanduku cha plastiki ndani ya ufa hawezi kusema tu kuwa alikuwa akicheza.

Na hofu hiyo si ya Kampala peke yake. Julai 2011, katika mji mdogo wa Wetherby nchini Uingereza, mtu alionekana akishika kisanduku kwa namna ya kutiliwa shaka karibu na mkahawa. Mtaa ulifungwa, wataalamu wa mabomu wa jeshi wakaitwa, wakakilipua. Kilikuwa kisanduku cha jiokashi. Huko hasara ilikuwa saa chache za biashara. Mahali ambapo watu wamezika ndugu zao kwa sababu ya mabomu, hasara inaweza kuwa kubwa zaidi, na ya kwanza kuipata ni mgeni mwenye lafudhi ya nchi nyingine.

Kwa hiyo anayetaka kuuleta mchezo huu Lubaga hana budi kuubadili, na njia zipo tatu.

Ya kwanza ni sanduku lenye mwenyeji. Badala ya kufichwa kwenye shina la mti, linakaa kwenye rafu ya duka, mgahawa au ofisi ambayo mwenyewe amekubali. Msakaji hufuata dokezo, akifika husema jibu la kitendawili kama neno la siri, na sanduku hutolewa. Hata Dartmoor ipo mihuri inayowekwa kwenye baa na kutolewa kwa anayeiulizia. Faida ni kwamba hakuna mzigo usio na mwenyewe, na mwenye duka amepata mteja.

Ya pili ni kucheza bila sanduku. Jiokashi ina aina ambayo mahali penyewe ndipo hazina: msakaji hujibu swali ambalo jibu lake haliwezi kupatikana mpaka afike, kama mwaka ulioandikwa kwenye jiwe la msingi au idadi ya nguzo za lango. Hakuna cha kuficha wala cha kupekuliwa.

Ya tatu ni ruhusa. Uwanja wa kanisa una paroko, makaburi ya Kasubi yana walinzi wa mila, barabara ina mamlaka ya jiji, na kila mtaa una mwenyekiti wa LC1. Anayepita kwa mwenyekiti kwanza hucheza kwa amani. Kasubi na mahali pengine pa heshima pana taratibu zake pia: kiingilio, mwongozaji, kuvua viatu, na wanawake kuvaa nguo ndefu. Hapo si mahali pa kupekuapekua chini ya nyasi.

Mfanyabiashara anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu kwanza kwa sababu ya njia. Katika miji yetu bidhaa haifuati namba ya nyumba. Inafuata maelekezo: pita kituo cha mafuta, shuka kulia penye mwembe, uliza kwa fulani. Hilo ni dokezo la sanduku kwa jina lingine. Anayejizoeza kusoma dokezo na kulilinganisha na vilima, anapotafuta ghala la mtu asiyemjua Nateete hapotezi nusu siku, wala hamtegemei kila dereva wa bodaboda.

Yanamhusu pia kwa sababu ya uaminifu. Sanduku lililoachwa bila kufuli kwa watu wasiojuana ni mali kauli. Anayelikuta anaweza kuchukua muhuri na kwenda zake. Asipolirudisha, mchezo umekufa kwa wote watakaofuata. Biashara ndogo ya mpakani husimama juu ya jambo hilohilo: mzigo hutangulia, fedha hufuata, na katikati yake kuna neno la mtu tu.

Tena muhuri wa mpakani nao unapungua. Tangu 2014 raia wa Kenya, Rwanda na Uganda wanaweza kuvuka kwenda nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa. Ni nafuu kubwa, ingawa mtu anaweza kuvuka mara 40 kwa mwaka na asibaki na alama hata moja ya alikopita. Daftari la shilingi chache na muhuri uliochongwa kwenye kifutio cha shule vinatosha kuijaza nafasi hiyo. Anayesubiri mzigo wake ukamilike anayo mchana mzima wa kupanda Lubaga, kushuka Mengo na kurudi kabla basi halijaondoka.

Kitendawili cha mwisho kinabaki kwa msomaji. "Ziwa halina mto, lina mchimbaji." Jibu haliko mbali na barabara ya basi, na wakazi wa Ndeeba wanalijua. Atakayeshindwa atoe mji, au ashuke akaulize.