Mbaazi za Nazi na Harufu ya Iliki

Asubuhi ya kipupwe huko Chiungutwa, wilayani Masasi, wakati baridi ingali imeshika majani ya mikorosho, hakuna kifunguakinywa kinachonipendeza kuliko maandazi ya iliki yanayochovywa katika mbaazi za nazi. Kwani andazi ni tamu, mbaazi zina chumvi, na vitu hivyo viwili, ambavyo asiyezoea angevidhania kuwa mahasimu, vikikutana kinywani hupatana mithili ya ndugu waliolelewa nyumba moja. Watu wa Mombasa, ambao maandazi hayo huyaita mahamri, hula vivyo hivyo. Lakini mbaazi ni zao la mashamba yetu, na ni haki mpishi wa Masasi na Newala ajue kwamba katika sahani hiyo yeye ni mwenyeji.

Viungo, kwa upande wao, vilitoka mbali. Asili ya iliki ni Malabar, ya mdalasini ni Ceylon, na karafuu ilitoka visiwa vya Maluku, ikaingia Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, ikastawi katika enzi ya Seyyid Said bin Sultan, hata tufani ya mwaka 1872 ilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikatangulia. Nasi hatukuwa mbali na visiwa hivyo: mwaka 1876 Askofu Edward Steere alileta Masasi kundi la watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja, wakafanya maskani hapa.

Wala si sisi peke yetu tunaochanganya utamu na chumvi. Wamoroko hufunika nyama ya njiwa kwa chapati nyembamba, kisha wakainyunyizia sukari na mdalasini. Na Wameksiko husaga pilipili pamoja na kakao wakapata mchuzi wa kuku. Mataifa hayo yamegundua jambo moja, nalo ni kwamba viungo kama mdalasini, ijapokuwa havina sukari, huipa pua habari ya utamu kabla ulimi haujaonja, na kwa hiyo chumvi na ukali wa pilipili hulainika.

Lakini harufu hiyo hukaa katika mafuta ya kiungo, nayo hayayeyuki vema katika maji. Ndiyo sababu mpishi hodari huchemsha mbaazi kwanza hadi ziive, akazipika kwa tui jepesi, na katika sufuria nyingine akakaanga kitunguu polepole, kisha akatia kijiti cha mdalasini na iliki mbili tatu zilizopondwa, akingoja mafuta yanukie ndipo azimimine mbaazi humo. Na tui zito huingia mwisho, moto ukiwa umepunguzwa, mwiko ukizunguka bila kusita, maana likichemka kwa ghafla hukatika.

Jambo moja linaniuma. Utamu tunaoununua dukani kwa kilo, msimu wa korosho ufikapo, huanguka bure chini ya miti yetu, ndiyo mabibo, ambayo mengi huoza, na mengine hugeuzwa pombe iitwayo uraka. Laiti wapishi wetu wangeyakamua, wakayachemsha maji yake na chumvi kidogo ili kupunguza ukakasi, wakatia mdalasini, karafuu moja na pilipili, wakaacha yapungue hata yawe mazito kama asali, kisha wakayamimina juu ya kuku aliyechomwa, pamoja na korosho zilizotwangwa!