Salama kuliko sigara, lakini kwa nani?

"Daktari, si afadhali vepu kuliko sigara?" Swali hili huulizwa na watu wa aina tatu, na kila mmoja anastahili jibu lake. Wa kwanza ni mvutaji wa miaka mingi anayetafuta namna ya kuachana na sigara. Wa pili ni kijana ambaye hajawahi kugusa sigara, ila kwenye sherehe amepewa kifaa chenye ladha ya embe akajaribu. Wa tatu hajavuta chochote. Amekaa tu pembeni, ndani ya gari au sebuleni, na wingu la mwenzake linampitia usoni. Biashara ya vepu huchukua jibu la yule wa kwanza na kuwauzia wote watatu.

Tuanze na kifaa chenyewe. Vepu, yaani sigara ya kielektroniki ya kisasa, ilibuniwa China mwaka 2003 na mfamasia Hon Lik. Ina betri, waya mwembamba uliosokotwa uitwao koili, kipande cha pamba na kimiminika. Mtu akifyonza, betri hupeleka umeme kwenye koili, koili hupata moto wa zaidi ya nyuzi joto 200, na kimiminika kilichoilowesha pamba hugeuka mvuke papo hapo. Kabla haujafika mdomoni, mvuke huo umeshaanza kupoa na kuwa matone madogo mno, mengi yakiwa chini ya sehemu ya elfu moja ya milimita. Udogo huo ndio tatizo. Vumbi kubwa la barabarani hunaswa puani na kooni. Matone haya hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa, mwisho kabisa wa mapafu, pale damu inapopokea oksijeni.

Matone hayo yana nini? Msingi wake ni propilini glaikoli na gliserini, kisha nikotini na vionjo. Wauzaji hupenda kusema kwamba glaikoli, gliserini na vionjo hivyo vimo hata kwenye keki na dawa za maji. Ni kweli, lakini ruhusa ya kula haimaanishi ruhusa ya kuvuta. Hata maji safi tunayokunywa kila siku yakikosea njia tunapaliwa. Chakula hupitia tumboni na kwenye ini, ambako sumu nyingi huvunjwavunjwa. Kinachovutwa huingia mapafuni, na sehemu yake kwenye damu, bila kupita huko.

Mfano wake ulionekana mwaka 2000 huko Jasper, katika jimbo la Missouri nchini Marekani. Wafanyakazi wa kiwanda cha bisi waligunduliwa kuwa na ugonjwa adimu unaotia makovu na kuziba vijia vidogo vya hewa mapafuni. Walikuwa wakivuta mvuke wa daiasetili, kionjo kinacholeta harufu ya siagi, ambacho walaji wa bisi walikila bila madhara kama hayo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walipima ladha 51 za sigara za kielektroniki, wakaikuta daiasetili katika 39. Wafanyakazi wale walivuta kwa wingi, siku nzima, kwa hiyo si haki kumtisha kila mvuta vepu kwamba ataugua kama wao. Ila ni wazi kwamba kibali cha jikoni hakiyalindi mapafu.

Moto nao huongeza yake. Glaikoli na gliserini zikipashwa kupita kiasi huvunjika na kuzaa fomaldehaidi, ambayo husababisha saratani, na akrolini, ile inayowasha macho mafuta ya kukaangia yanapoungua. Pamba ikikauka huku koili ina moto, kemikali hizo huongezeka, na mvutaji huhisi ladha kali ya kuungua. Koili yenyewe pia hutoa chembe zake. Mwaka 2018 watafiti wa Johns Hopkins walichunguza vifaa vya watumiaji 56. Kimiminika kilichokuwa bado kwenye chupa kilikuwa na metali kidogo; wingu lililotoka baada ya kupita kwenye koili lilikuwa na risasi, nikeli na kromiamu kwa viwango vya juu zaidi. Risasi hudhuru ubongo, na michanganyiko kadhaa ya nikeli na kromiamu inajulikana kusababisha saratani ya mapafu.

Mwaka 2019 vijana waliokuwa wazima wa afya walianza kufika hospitali za Marekani wakihema kwa shida, baadhi wakihitaji mashine za kupumulia. Kufikia Februari 18, 2020, kituo cha kudhibiti magonjwa cha nchi hiyo, CDC, kilikuwa kimehesabu wagonjwa 2,807 waliolazwa au kufariki, vifo vikiwa 68. Wengi wao walikuwa wamevuta mafuta ya bangi kwa vepu, mara nyingi yaliyopatikana kwa marafiki na wauzaji wa kificho, yakiwa yamechanganywa na asetati ya vitamini E. Kemikali hiyo ilikutwa kwenye majimaji ya mapafu ya wagonjwa 48 kati ya 51 waliopimwa. Hii ni vitamini ambayo watu humeza kama kidonge na kupaka kwenye ngozi. Anayenunua kifaa kisicho na maelezo yanayoeleweka hana namna ya kujua ndani kimetiwa nini.

Kwa kijana, hatari inayowahi kufika ni nikotini. Vifaa vingi vya sasa hutumia chumvi za nikotini, ambazo hazichomi koo, hivyo mtu huvuta kwa wingi bila kukereka. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 20 kwa mililita moja. Bidhaa kadhaa zilizouzwa Marekani zilizidi mara mbili ya hapo. Tena sigara ina kichungi, ikifika hapo imekwisha. Vepu haina mahali pa kukomea: inavutwa kitandani, chooni, hata darasani mwalimu akigeuka ubaoni. Nikotini hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na hugusa ubongo ambao unaendelea kukomaa hadi karibu miaka 25. Baada ya muda kijana anaanza kupata arosti: hasira za ghafla, kukosa utulivu, kushindwa kusoma ukurasa mmoja bila kutafuta kifaa chake mfukoni. Huyo hakukimbia sigara yoyote. Ameingia kwenye uraibu kwa mlango wa ladha ya embe.

Sasa tuje kwa aliyekaa pembeni. Hapa lazima tuseme ukweli wote. Sigara ikiwa mkononi huendelea kufuka hata isipovutwa, na moshi huo ndio mwingi unaowafikia walio karibu. Vepu haifuki, mwenzako hupokea kile tu ulichokitoa pumzini. Ndiyo maana ripoti ya mwaka 2018 ya taasisi za taifa za sayansi za Marekani ilikubali kwamba anayekaa na mvuta vepu hupata nikotini na chembe chache kuliko anayekaa na mvuta sigara. Ripoti hiyohiyo ilithibitisha kwamba vepu huongeza nikotini na chembechembe kwenye hewa ya ndani, ikilinganishwa na hewa ya kawaida.

Nikotini hiyo haiishii hewani. Mwaka 2014 watafiti wa Barcelona walipima watu wasiovuta waliokuwa wakiishi na wavuta vepu, wakakuta kwenye mate yao kotinini, kemikali ambayo mwili huitengeneza baada ya kupokea nikotini, kwa kiwango cha juu kuliko kwa watu wa nyumba zisizo na wavutaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliofuatilia vijana wa Kusini mwa California kwa miaka kadhaa, ulikuta waliokaa karibu na wingu la watu wengine wakilalamika zaidi kikohozi, makohozi na kuishiwa pumzi. Harufu ikishapotea, nikotini hubaki kwenye kochi, zulia na pazia. Mtoto anayetambaa hushika zulia, kisha mkono huo unaingia mdomoni. Mjamzito, mwenye pumu na mtoto mchanga ndio wa kwanza kulindwa.

Turudi kwa yule mvutaji wa miaka mingi. Mwaka 2015 idara ya afya ya umma ya Uingereza ilikadiria kwamba vepu ina madhara pungufu kwa asilimia 95 kuliko sigara, na kadirio hilo limebishaniwa sana tangu hapo. Majaribio ya kitabibu yameonyesha kwamba vepu yenye nikotini huwasaidia baadhi ya watu kuacha sigara. Faida hiyo inamfikia tu anayeiacha sigara moja kwa moja. Anayevuta vepu ofisini na sigara akirudi nyumbani amejiongezea sumu nyingine juu ya ile ya zamani. Kwa kuanzia, bandiko au ubani wa nikotini, pamoja na ushauri wa mtaalamu, ni njia iliyopimwa kwa muda mrefu zaidi.

Serikali nazo hazijakubaliana. Uganda ilipiga marufuku sigara za kielektroniki katika sheria yake ya mwaka 2015. Sheria ya tumbaku ya Tanzania ni ya 2003 na ya Kenya ni ya 2007, zote zikiwa zimetungwa vifaa hivi havijaenea. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema nchi 34 zimekataza kuviuza, huku nchi 88 zikiwa hazina hata umri wa chini wa mnunuzi.

Wakati sheria zinasubiriwa, kanuni za nyumbani hazihitaji bunge. Usivute ndani ya nyumba wala garini, hata madirisha yakiwa wazi. Weka kimiminika mbali na watoto, kwa sababu kiasi kidogo kikinywewa kinaweza kuua. Ukianza kukohoa mfululizo, kifua kikabana au pumzi zikakuishia, nenda hospitali, na mweleze daktari bila aibu ulikuwa unavuta nini. Nawe usiyevuta, ukiambiwa "hii si kama sigara," jibu kwamba ni kweli, kisha mwombe atoke nje. Wewe hukuwa ukichagua kati ya vepu na sigara. Ulikuwa unapumua hewa safi, na hiyo ndiyo ya kulinganisha nayo.