HODI KIKUNDINI: JINSI YA KUOMBA MSAADA WA SOMO LA KOMPYUTA

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, walisema wahenga. Hawakutuambia tuulize vipi, nafikiri kwa sababu zamani jambo hilo halikuwa na shida. Ulikwenda kwa jirani, ukapiga hodi, ukakaribishwa, ukaamkua, kisha ukaeleza kilichokuleta. Siku hizi, wasomaji wapenzi, jirani yumo ndani ya simu. Kwa hivyo nimeona niwaeleze wenzangu, hasa wanaosoma Kompyuta, jinsi mambo yanavyokwenda katika vikundi vya masomo vya WhatsApp.

Sisi wanafunzi wa kutwa tuna bahati moja ambayo wenzetu wa bweni hawana. Jioni, baada ya kukamua ng'ombe na kuosha vyombo, tunaweza kuazima simu ya mama. Katika kikundi chetu mna wanafunzi wa Molo, Turi, Elburgon na Njoro, pamoja na watu wazima wachache waliosomea kompyuta ambao hutusaidia bila malipo. Hao ndio wa kuchungwa kama mboni ya jicho. Mtu ametoka kazini amechoka, anafungua simu anakuta maswali ishirini yasiyoeleweka. Si ataizima tu alale? Nani atamlaumu?

Tuanze na salamu, maana hapa ndipo adabu yetu na adabu ya simu zinapogongana. Mswahili hasemi shida kabla ya kuamkua. Basi mwanafunzi anaandika "Habarini za jioni" halafu ananyamaza akingoja aitikiwe. Watu thelathini wanaitikia "Njema". Anaandika tena, "Kuna mtu anajua Pascal?" Wanangoja. Yeye anangoja. Bando la mama linakwisha na swali lenyewe halijaulizwa! Mimi sikubaliani na wale wanaosema salamu iachwe kabisa, ati ni kupoteza wakati. Sisi si mawe. Lakini salamu na swali viandikwe katika ujumbe mmoja, kama mtu anayepiga hodi huku sahani ya kuombea moto iko mkononi, anayefungua mlango aone mara moja kilichomleta.

Sasa swali lenyewe. "Programu yangu inakataa, nisaidieni" si swali, ni kilio. Anayetaka kukusaidia hayuko kando yako, haoni skrini yako. Mwambie unataka programu ifanye nini, umeandika nini, kompyuta imekujibu nini neno kwa neno, na umejaribu nini tayari. Hebu tuchukue mfano wa Pascal. Ukisahau nukta-mkato mwishoni mwa mstari wa sita, kompyuta kwa kawaida hulalamika juu ya mstari wa saba, kwa kuwa huko ndiko ilikogundua kwamba kitu kimekosekana. Mwanafunzi akinakili mstari wa saba peke yake na kuutuma kikundini, mabingwa wote watautazama na kusema, "Mbona huu uko sawa?" Kumbe ugonjwa uko mstari wa juu. Ndiyo sababu utume na mistari inayotangulia. Tena iandike kwa maneno badala ya kupiga picha yenye ukungu kama wa hapa Molo saa kumi na mbili asubuhi, kwani maandishi hayali bando, na anayekusaidia anaweza kuyanakili ayajaribu kwenye mashine yake.

Mtu asidhani kuuliza vizuri ni jambo la mitihani tu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi yetu ilipoingia katika vurugu (wazee wetu hapa Molo hawahitaji kusimuliwa), mwanasheria Mkenya, Ory Okolloh, aliandika ombi katika ukurasa wake wa intaneti mapema Januari 2008. Hakuandika tu "jamani tusaidieni". Alieleza kitu alichotaka, yaani ramani inayoonyesha mahali palipotokea ghasia, akataja ramani za Google kuwa ndizo zitumike, na akatoa sababu: ukweli uhifadhiwe ili watu waje kupatana. Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wengine waliitikia, na kwa siku chache tu ikapatikana Ushahidi. Mwananchi aliweza kutuma habari kwa ujumbe mfupi wa simu au kwa intaneti. Mwaka 2010, Haiti ilipopigwa na tetemeko la ardhi, programu hiyohiyo ilitumika huko. Sisi wa Kidato cha Tatu hata hatukuwa tumezaliwa ombi lile lilipoandikwa.

Adabu haimhusu muulizaji peke yake. Katika kikundi kimoja, msichana aliuliza tofauti ya kuhifadhi faili na kuichapisha. Wavulana wakamtumia vikaragosi vya kucheka mpaka akatoka kikundini usiku uleule. Baadaye alipoulizwa kwa nini anafikiria kuliacha somo, alisema Kompyuta ni ya watu wengine. Ati watu wengine! Waliocheka hawakupata alama hata moja zaidi. Msimamizi wa kikundi angewanyamazisha papo hapo, lakini naye alikuwa akicheka.

Kuna maombi ambayo hayana adabu hata yakitanguliwa na shikamoo kumi. Karatasi ya tatu ya Kompyuta katika K.C.S.E. ni mradi. Kuuliza kwa nini jedwali lako halikubali tarehe ni haki yako; kumwomba mtu akufanyie mradi mzima ni wizi. Na wale wanaouliza nani ana karatasi ya mtihani wajue kwamba wanaovizia hapo ni matapeli wa kula pesa za karo, na kwamba kusambaza mtihani kabla ya wakati ni hatia chini ya sheria ya Baraza la Mitihani ya mwaka 2012.

Ukishajibiwa, usitoweke. Jaribu, kisha urudi useme kilichofanya kazi, kwa maana kesho mwingine atakuwa na tatizo lilelile na atalitafuta kikundini. Kama mvua imenyesha na stima imepotea kabla hujajaribu, andika hivyo kwa sentensi moja, aliyekusaidia asikeshe akikungoja.