Zimamoto akirudi nyumbani anachechemea

Mwenza wako akiwa askari wa zimamoto, hofu ya kwanza kila anapoingia zamu ni moto: asiungue, asivute moshi. Lakini kinachowaumiza wengi wao si moto wenyewe. Huko Marekani, ambako taasisi ya NFPA imekusanya takwimu za majeruhi kwa miaka mingi, misuli kuvutika na viungo kuteguka ndiyo majeraha yanayoongoza katika eneo la tukio.

Sababu kubwa ni uzito. Koti, suruali, buti, kofia na mtungi wa hewa kwa pamoja hufikia kilo 20 au zaidi. Mpira wa maji wa milimita 70 wenye urefu wa mita 30 ukijaa, maji peke yake ndani yake huzidi kilo 100. Askari anauvuta akiwa ameinama, sakafu imelowa, mbele haoni. Kesho yake anaitwa kumtoa mtu kisimani. Zaidi ya hapo, hutoka kwenye kukaa au kulala kituoni na kuanza kazi nzito ndani ya dakika chache, misuli ikiwa bado baridi.

Panapoumia zaidi ni kiuno, magoti, mabega na vifundo vya miguu.

Familia nyingi hukosea hapa: kifundo kimevimba, maji ya moto yanabandikwa jikoni na anaitwa mtu wa kuchua. Kukanda kwa moto na kuchua kwa nguvu ndani ya siku mbili za mwanzo huongeza uvimbe. Badala yake:

• Apumzishe kiungo hicho.
• Funga barafu kwenye kitambaa, hata ile ya mfuko wa dukani, umwekee dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Isiguse ngozi moja kwa moja.
• Mfunge bandeji ya kuvutika, isibane hadi vidole vife ganzi.
• Mguu uwe juu ya mto.

Kwa kiuno, asilale kitandani siku nzima. Atembee taratibu kadiri anavyoweza, na kwa siku hizo ndoo za maji na watoto wa kubebwa wawe kazi ya mwingine.

Mpeleke hospitali haraka akishindwa kukanyaga, kiungo kikipinda, mguu ukiishiwa nguvu, au maumivu ya kiuno yakiambatana na ganzi sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo. Dalili hizo za mwisho hazisubiri asubuhi.

Mhimize pia atoe taarifa kwa mkuu wake wa zamu siku hiyohiyo, iandikwe. Wengi hunyamaza wasionekane dhaifu, wanameza dawa za maumivu na kurudi kazini. Kano iliyochanika kidogo ikibebeshwa tena kilo 20 huweza kukatika kabisa, na hapo mapumziko ya wiki mbili yanageuka miezi.