Sura ya Mtu Akiwa Hai

Kodi ya duka langu la uchapaji hapa Nairobi hulipwa na wafu. Fulana za kampeni huja mara moja kwa miaka mitano, kadi za harusi hujazana Desemba, lakini programu za mazishi hazina msimu. Ndugu huniletea picha ya kitambulisho iliyofifia na kuniomba marehemu apendeze: koti likae vizuri, uso ung'are. Ndipo nikazoea kujiuliza, kila nionapo sura ya mtu kwenye karatasi, kama mwenyewe aliwahi kujiona amepambwa hivyo.

Swali hilo ndilo lililonivuta kwenye mabango ya watu wa transjenda wa Marekani, yaani watu ambao jinsia wanayojitambua nayo siyo ile waliyoandikiwa walipozaliwa. Mwaka 1998 Rita Hester, mwanamke mweusi wa transjenda, aliuawa nyumbani kwake Boston. Mwaka uliofuata mwenzake wa jamii hiyo, Gwendolyn Ann Smith, alianzisha siku ya kuwakumbuka waliouawa, na sasa huadhimishwa kila Novemba 20. Mishumaa huwashwa, majina husomwa. Wafu wana haki ya kuliliwa. Lakini mweke kijana wa transjenda katikati ya mkutano huo: watu wa aina yake anaowasikia wakitajwa kwa heshima wote wamekwisha kuzikwa.

Mchoraji Micah Bazant, ambaye naye ni wa transjenda, alilijibu jambo hilo kwa mchoro. Alimchora CeCe McDonald. Huyu ni mwanamke mweusi wa Minneapolis ambaye mwaka 2011 alikuwa akipita na rafiki zake mbele ya baa, wakatukanwa kwa rangi yao na kwa jinsia yake, akapasuliwa uso kwa glasi. Katika vurugu iliyofuata mwanamume mmoja alichomwa kwa kitu chenye ncha kali akafa. CeCe alisema alikuwa akijilinda, lakini mwishowe alikubali kosa la kuua bila kukusudia, akahukumiwa miezi 41 na kuwekwa katika magereza ya wanaume. Bango la Bazant lilidai aachiliwe, na maneno yake yaliwahimiza watu wawaenzi wafu huku wakiwapigania vikali walio hai. CeCe alitoka gerezani Januari 2014, baada ya miezi 19.

Wazo hilo lilikua likawa mradi wa kila Novemba, unaohusu ustahimilivu wa watu wa transjenda, kwa msaada wa shirika la Forward Together la Oakland. Wasanii wa transjenda, hasa weusi na wengine wasio wazungu, waliunganishwa na vikundi vya mitaani vilivyowatetea watu wao. Kikundi kilileta hoja, msanii akaleta mkono. Mabango yaliwekwa kwenye intaneti bure. Mwenye printa ya ofisini huko Texas aliweza kuchapa lake asubuhi na kuandamana nalo jioni. Mimi ninayeishi kwa kuuza nakala nilicheka kidogo nilipolijua hilo, kisha nikaelewa: bango la harakati lisilonakiliwa ni picha ya ukutani tu.

Bazant pia alimchora Marsha P. Johnson, mwanaharakati aliyekuwa akitembea New York na maua kichwani. Mwaka 1970, yeye na Sylvia Rivera walianzisha kikundi cha STAR na kutafuta nyumba ya kuwalaza vijana wa mitaani waliofukuzwa kwao. Maneno ya bango hilo yanasema kwamba hakuna fahari kwa baadhi yetu bila ukombozi wa sisi sote. Ni dongo kwa ndugu wa nyumba moja: sherehe za fahari (Pride) za mashoga, wasagaji na watu wa transjenda zilikuwa zimekwisha kujaa nembo za makampuni, na wanawake wa transjenda kama Marsha wamesukumwa nyuma ya msafara.

Kwa jicho la fundi, ujanja wa kazi hizi ni hesabu ya wino. Chukua bendera ya transjenda, aliyoibuni Monica Helms mwaka 1999: mistari mitano, bluu hafifu pembeni, kisha waridi, na nyeupe katikati. Ukiigeuza juu chini inabaki vilevile. Katika kuchapa kwa skrini kila rangi hudai fremu yake, na kila fremu ni muda na pesa. Bendera hii inahitaji fremu mbili tu, kwa kuwa nyeupe ni karatasi yenyewe. Kikundi kisicho na mfadhili kinaweza kuimudu.

Tena, sura si lazima. Mwaka 1987 wanaume sita wa New York walibandika Manhattan bango jeusi lenye pembetatu ya waridi na maneno mafupi yaliyosema kwamba kunyamaza ni kifo. Ukimwi ulikuwa ukiwamaliza mashoga huku serikali ikiwa kimya. Waliamua kutokuweka uso wa mtu yeyote, kwa sababu uso mmoja ungewaacha wengine nje.

Hapa kwetu uamuzi wa kuweka sura au kutoiweka ni mzito zaidi. Oktoba 2014 Mahakama Kuu ya Kenya ililiamuru Baraza la Mitihani kumpa Audrey Mbugua, mwanamke wa transjenda, cheti kipya cha mtihani chenye jina lake, kisichoonyesha jinsia. Ulikuwa ushindi wa karatasi, na karatasi ndiyo inayompa mtu kazi. Lakini kubandikwa ukutani ni jambo lingine: anayekutambua leo kwenye bango anaweza kuwa mwenye nyumba wako kesho.

Kwa hiyo kikundi kikiniletea kazi ya namna hii, nataka mwenye sura aione kabla sijaweka wino kwenye fremu. Mchoro humpa nafasi ambayo picha ya kamera haimpi: pua ibadilishwe, kovu liondolewe, macho yabaki. Akikubali, tunachapa. Akikataa, tunabaki na maneno na rangi. Wale wa New York walifanya hivyo mwaka 1987, na bango lao linasomeka hadi leo.